Mwaka Huagwa, Mtu Je?

Kiswahili kina adabu mbele ya kifo. Mtu tunayemheshimu hatusemi amekufa; twasema amefariki, yaani ametengana nasi. Twamwita marehemu, aliyerehemiwa, na kwa kumwita hivyo huwa tumekwisha kumwombea. Tena twasema ameaga dunia. Msemo huu wa tatu ndio unaonisumbua juma hili la kufunga mwaka. Nimehudhuria mazishi mengi katika umri wangu, na marehemu walioaga kweli ni wachache mno.

Hapa Saza ufupi wa maisha hauhitaji mhubiri. Enzi za Waingereza palikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu, nao ulifungwa mwaka 1956. Siku hizi wachimbaji wadogo hushuka katika maduara yao asubuhi, na karasha husaga mawe hadi jioni. Nimewasikia vijana wakiondoka nyumbani: husema "nakuja", hawasemi "kwaheri", kana kwamba kwaheri ni mkosi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa, akauonya moyo wake mwenyewe. Sisi wa Saza nasi tuna magofu yetu ya kutuonya, ila twapita kando yake tukikimbilia mnadani.

Zaburi ya 90 inaukadiria umri wa binadamu kuwa miaka sabini, au themanini kwa mwenye nguvu, kisha inamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Mathias Mnyampala, aliyezitia zaburi katika utenzi wa Kiswahili, alizaliwa mwaka 1917 akafariki mwaka 1969. Hakuifikia hiyo sabini. Shaaban Robert naye alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, siku ya mwaka mpya, akafariki mwaka 1962. Kumbe hata sabini ni makadirio tu, si haki ya mtu.

Mwezi wa Oktoba mwalimu mwenzangu, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, alinipigia simu. Alikuwa na daftari la mashairi aliyoyatunga kwa miaka mingi bila kumwonyesha mtu. "Njoo, ndugu yangu, unikagulie mizani," alisema. Nikamjibu kwamba nitakuja nikimaliza kuandaa shamba. Mvua ikanyesha, nikapanda. Baada ya kupanda ikaja palizi. Kabla ya Krismasi ikaja simu ya mwanawe.

Msibani wasifu wake ulisomwa kama zinavyosomwa wasifu zote: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, ameacha mjane na watoto. Ushairi wake haukutajwa, kwa kuwa aliyeujua nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimekaa kimya katika safu ya pili. Baada ya arobaini familia itagawana vitu. Daftari wamenipa mapema, wakisema nitalielewa. Katika ubeti mmoja ameandika pembeni kwa penseli: "Mwalimu, hapa imetimia?" Haikutimia. Imepungua mizani moja, na neno la kuijaza ninalo. Sina wa kumwambia.

Basi nasema hivi, na anayepinga apinge. Tarehe 31 Desemba makanisa yatajaa mkesha. Tutauaga mwaka kwa nyimbo, vifijo na shuhuda, ilhali mwaka hauna masikio. Wenye masikio tumeketi nao benchi moja, na kati yao wamo tuliowanunia tangu Pasaka, tunaodaiwa nao shukrani, na tuliowaahidi kwamba tutakuja. Hao hatuwaagi. Tunawangoja wawe marehemu ndipo tuwasifu. Washairi tumezidi katika kosa hili: mtu akifa, tungo za maombolezo zinamiminika kabla kaburi halijakauka; akiwa hai, hata ubeti mmoja hapati.

Najua nitakachojibiwa. Mwaka mpya ni wa matumaini, na Mkristo anayeamini ufufuo hana sababu ya kukumbatia habari za mauti. Ni kweli tuna matumaini. Lakini Bwana wetu, aliyejua kwamba atafufuka, hakuliona hilo kuwa sababu ya kuondoka kimya. Aliketi mezani na marafiki zake akiwa hai, akawaosha miguu, akawaaga kwa maneno marefu. Naye Yakobo, aliyeufananisha uhai na mvuke, alikuwa akisema na wafanyabiashara waliopanga safari na faida ya mwaka mzima. Hakuwakataza kusafiri. Aliwakumbusha kwamba kesho hawaijui.

Wamoravian wa Herrnhut, tangu karne ya 18, walikuwa na desturi ya mtu kuandika habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, zije zisomwe atakapozikwa. Ni desturi njema, nami nimeanza ya kwangu. Ila naomba tupige hatua moja zaidi: wasifu wa mwenzako umsomee mwenyewe, angali anaweza kukusahihisha tarehe.

Kabla ya mkesha, chagua mtu mmoja. Usimtumie ile salamu ya jumla inayosambazwa kwa watu mia. Mwandikie ubeti wake, wenye jina lake, au nenda ukakague mizani uliyoahidi kuikagua. Shamba litangoja. Mimi naondoka kesho asubuhi kwenda kwa mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, ambaye amekula chumvi nyingi na hasikii vizuri. Nitapaza sauti.

Mwaka twauaga sana, kwa vifijo na mlio,
Wale tunaopendana, twawangojea kilio,
Kesho si yetu bayana, leo ndiyo kimbilio,
Neno jema la kunena, linenwe penye sikio.