Breki ya mbele si adui

Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki jijini Los Angeles. Hatari ilipowakabili, waendeshaji walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi hadi tairi likaserereka, na ya mbele wakaibana kidogo mno.

Kosa hilo tunalo hata sisi. Pikipiki inapofunga breki, uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo hushika barabara. Lakini vijiweni dereva wa bodaboda, anayebeba mama na mtoto, huambiwa breki ya mbele itamrusha. Humrusha anayeibana ghafla! Tunataka vyuo vya udereva vifundishe matumizi ya breki hiyo uwanjani, kabla leseni haijatolewa.