Escape si Toroka: tafsirini kazi, si neno

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Juma lililopita nilitumiwa faili ya tafsiri ya programu fulani ili niipitie. Ni programu nzuri, ya bure, na waliojitolea kuiweka kwa Kiswahili hawalipwi hata senti. Nawaheshimu. Lakini nilipofika sehemu ya vitufe nikashika kichwa. Escape wameiita Toroka. Return ni Rudi. Shift ni Hama. Break ni Vunja. Na Home, msicheke, ni Nyumbani.

Mtasema ni jambo dogo. Mimi nimeona matokeo yake, tena kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2007 niliandika programu ya kuingiza michango ya wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Ilitumika ndani ya kivinjari. Mteja alitaka maandishi yote yawe ya Kiswahili, nami kwa haraka nikaandika chini ya fomu: "Ukimaliza, bonyeza Rudi." Nilimaanisha Return. Karani, dada mmoja mwenye bidii sana, akajaza mistari 40 na ushei, akasoma maagizo yangu, akatafuta kitufe cha kurudi. Akakiona: kile chenye mshale unaoelekea nyuma. Backspace. Vivinjari vya wakati ule, ukibonyeza Backspace ukiwa nje ya kisanduku cha kuandikia, vilikurudisha kwenye ukurasa uliotangulia. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mkubwa wake akamfokea mbele ya wateja, eti hajui tarakilishi. Hajui vipi? Alifanya nilichomwambia. Asiyejua nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: tafsiri kazi ya kitufe, usitafsiri neno lililochapishwa juu yake. Sababu ni kwamba mengi ya maneno hayo hayataji kazi inayofanywa leo. Ni majina yaliyoachwa na mashine zilizokwisha kufa.

Tuanze na Shift. Mashine ya taipu ya kwanza ya Remington, ya 1874, iliandika herufi kubwa pekee. Mwaka 1878 ikaja Remington namba 2, ambayo kila nyundo yake ilibeba herufi mbili, ndogo na kubwa. Ili kupata kubwa, sehemu nzima inayoshika karatasi ilibidi isogee. Kitufe cha kuisogeza kikaitwa Shift. Kilisogeza chuma. Kwenye laptopu yako hakuna kinachosogea, na kwa hakika hakuna anayehama.

Return ni vilevile. Ukifika mwisho wa mstari, ile sehemu ya karatasi ilirudishwa hadi mwanzo. Mashine za kupeleka maandishi kwa waya zilikuwa na amri mbili tofauti: moja ya kurudi mwanzo wa mstari, nyingine ya kuzungusha karatasi iende mstari unaofuata. Msimbo wa ASCII ulipotolewa mwaka 1963 ukazipa namba, 13 na 10. Hadi leo mistari ya faili nyingi za Windows huishia na namba zote mbili, ilhali Linux hutumia 10 peke yake. Wewe mwanaprogramu uliyewahi kufungua faili ya mwenzako ukakuta ^M imejaa kila mahali, ule ni mzimu wa mashine ambayo hujawahi kuiona.

Delete je? Katika ASCII ina namba 127, ambayo kwa tarakimu za 0 na 1 ni moja saba mfululizo. Zamani data ilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na tundu likishatobolewa haliwezi kuzibwa. Kwa hivyo ukikosea ulitoboa yote saba, na mashine ikaelewa kwamba pale paachwe. Kufuta kulikuwa ni kutoboa zaidi!

Sasa Escape. Bob Bemer wa IBM ndiye aliyeipendekeza, mwaka 1960. Kila kampuni ilikuwa na msimbo wake, naye akataka alama ya kuiambia mashine: kinachofuata si herufi za kawaida, kisome kwa utaratibu mwingine. Ikapewa namba 27. Rangi unazoziona kwenye terminali yako bado huletwa na alama hiyohiyo. Kilichotoka kwenye msimbo mmoja kuingia mwingine ni data. Mtumiaji hakutoroka popote. Leo anaibonyeza anapotaka kuachana na jambo alilolianza, na kwa hilo Kiswahili kina neno safi kabisa: ghairi.

Na Control? Hiki kilibadilisha namba ya herufi uliyoibonyeza nacho. Fungua terminali, andika ls, kisha badala ya Enter bonyeza Ctrl na M pamoja. Amri itatekelezwa, kwa sababu Ctrl-M ni ile 13 yetu. Ukiita kitufe hiki Dhibiti, niambie, mtumiaji anadhibiti nini?

Wakazi wa Nairobi mtanielewa nikitumia mfano wa Odeon. Ukimwambia kondakta akushushe Odeon, anajua ni wapi, nawe unajua. Zamani palikuwa na sinema pale. Filamu ziliisha, jina likabaki kwenye stegi. Hakuna anayeshuka na kuuliza tikiti ya filamu inauzwa wapi. Sasa anayeandika "bonyeza Rudi" anampeleka mgeni Odeon halafu anamwambia aingie atazame sinema.

Wengine walishalifikiria jambo hili. Kwenye kibodi za Ujerumani, Home imeandikwa Pos1, yaani nafasi ya kwanza. Wahispania wameandika Inicio, mwanzo. Hawakuandika nyumbani, kwa sababu kitufe hicho hupeleka kishale mwanzo wa mstari na hakimpeleki mtu kwake. Delete ya Wajerumani ni Entf, kifupi cha neno lao la kuondoa. Wafaransa wameng'ang'ania Échap, kwa hivyo hata huko si malaika wote, lakini wazo mnaliona.

Najua nitajibiwa na pande mbili.

Wa kwanza ni wale wa "Kiswahili hakiwezi". Hao sina muda nao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na dunia haikuanguka. Kiswahili kinaweza. Tatizo ni mtu kufungua kamusi kabla hajafungua programu.

Wa pili ni wapenzi wa lugha, nami ni mmoja wao. Wataniuliza: basi tuache Kiingereza kitawale? Hapana. Lakini kibodi zinazouzwa hapa kwetu zimechapishwa Enter na Esc. Ukimwandikia karani jina ambalo halipo mbele ya macho yake, hujaitetea lugha, umempoteza karani. Mwandikie "Bonyeza Enter ili kuhifadhi". Neno moja ni alama anayoiona, mengine yote ni Kiswahili, na kazi imetajwa. Pale ambapo jina ni letu kuchagua, kwenye menyu, kwenye vitufe vya skrini, kwenye simu, tuseme Ghairi, Hifadhi, Futa, Mwanzo, Mwisho. Kisha kabla ya kutoa tafsiri, mweke mbele yake mtu mmoja asiye mwanaprogramu, unyamaze, utazame kidole chake kinaenda wapi. Mimi sikufanya hivyo mwaka 2007, na aliyelipia hakuwa mimi.

Na tusiyaogope majina haya kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni. Kitufe cha Windows kilikuja mwaka 1994, na Januari 2024 Microsoft ikatangaza kingine, cha Copilot. Kampuni ilikaa kikao ikaamua. Kama wao wanaweza kuongeza kitufe kwa ajili ya bidhaa yao, sisi tunaweza kuchagua maneno kwa ajili ya watu wetu. Tuyachague tukiwa tumeketi mbele ya mashine.

Ile faili nimeirudisha na masahihisho 31. Shift peke yake imenishinda. Nimependekeza Juu, kwa kuwa kinaleta alama iliyochapwa upande wa juu wa kitufe, lakini kinatumika pia kuchagua maandishi, kwa hivyo sijaridhika. Mwenye neno bora aniletee.

Ila asiniletee Hama.