Bega inauma, radiografi haionyeshe kitu: feza ya mugonjwa inaishia wapi?

Bukavu – Kila asubui muzigo unatoka ku bandari ya Muhanzi na kupanda mulima mupaka ku soko ya Kadutu. Wamama ndio wanaoubeba: unga, makaa, ndizi zilizotoka Idjwi, kamba ikiwa imekaza ku paji la uso. Mama wa miaka 50 na kitu anayefanya kazi hiyo, bega yake inapoanza kuuma bila kuanguka wala kupigwa, safari yake mara nyingi inakuwa hivi.

Mwezi wa kwanza, vidonge vya farmasi ya mutaa. Mwezi wa tatu, sindano. Kufikia pale hawezi tena kupeleka mukono kwa mugongo wala kusuka mutoto nywele, na usiku akilalia upande ule anaamuka. Mwezi wa tano anakopa feza ya radiografi, anaambiwa mifupa iko sawa. Kisha ni chumba cha maombi, kisha munganga wa miti shamba, kisha jirani anamunongoneza kama ile haiko ugonjwa ya hopitali, ni karuho. Mwaka unaisha, kapitali ya biashara imekwisha, na katika milango yote hiyo hakuna mutu hata mmoja aliyemuambia: mama, nyanyua mukono nione unafika wapi.

Ni hapo shida inaanzia. Bega ni moja ya viungo ambavyo vinachunguzwa kwa macho na mikono mbele ya mashini. Uchunguzi huo unachukua dakika kumi. Lakini mugonjwa wa Kivu analipa dawa, analipa sindano, analipa picha. Zile dakika kumi hakuna anayemuuzishia.

"Haionekane" haimaanishe "haiko"

Jibu "mifupa iko sawa" linavunja moyo, juu mugonjwa anasikia kama anaambiwa anadanganya. Kumbe radiografi inaonyesha mufupa tu. Haionyeshe vizuri nyama, wala kano, zile nyuzi ngumu zinazofunga nyama ku mufupa, wala ule mufuko mwepesi unaozunguka kiungo. Na bega inashikiliwa na vitu hivyo kuliko kiungo kingine chochote. Kichwa cha mufupa wa mukono kinakaa ku kisahani kidogo sana, sawa mupira uliowekwa juu ya sahani ya chai. Kano za nyama nne ndizo zinazokizuia kisitoke.

Kuna magonjwa mawili ambayo yanaleta maumivu hayo mara nyingi, na yote mawili picha ya mifupa inaweza kutoka safi.

La kwanza ni kano zilizochoka. Linapata watu wanaonyanyua mikono sana ao kubeba sana: wafundi wa rangi, waashi, wabeba mizigo, wamama wanaotwanga. Mukono unauma ukinyanyuliwa pembeni, zaidi pale katikati ya njia, na usiku. Lakini mutu mwingine akiushika na kuunyanyua pole pole, unapanda.

La pili ni bega iliyoganda. Ku fishi munganga anaweza kuandika "kapsuliti". Ule mufuko wa kiungo unavimba, kisha unakauka na kukaza. Hapa hata mutu mwingine akijaribu kuusogeza, mukono unakatala, zaidi ukizungushwa kwenda inje. Linapata sana watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye ugonjwa wa sukari kuliko wengine. Linaanza na maumivu makali, kisha maumivu yanapunguka lakini mukono unabaki umekaza, kisha unalegea. Safari yote inaweza kuchukua mwaka moja mupaka tatu.

Hiyo habari ya sukari ni ya muhimu. Kuna watu ambao bega ndiyo inayowatangazia sukari mbele ya kiu na mbele ya kukojoa sana. Kipimo cha tone la damu ku kidole kinapatikana mu vituo vingi vya afya, na bei yake ni ndogo kuliko ya radiografi.

Kisha kuna wale ambao munganga amechunguza vizuri na hajapata jina. Hao pia hawadanganye. Maumivu yakipita miezi 3 yanaitwa sugu, na mwili unaweza kuyashika hata kama kilichoyaanzisha kilikwisha kupona, sawa kengele inayoendelea kulia kisha mwizi kukimbia. Kukosa usingizi, woga na mawazo vinaongeza sauti ya kengele hiyo, na mu majimbo haya vitu hivyo vitatu havikosekane. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikubali jambo hilo: mu orodha yake mupya ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022, maumivu sugu yana nafasi yao wenyewe kama ugonjwa, hata pasipo kidonda kinachoonekana.

Ku kila mulango, dawa ingine

Feza inapotea sana ku sindano. Watu wengi wanaamini kama sindano inapita kidonge, na muuzaji anajua hivyo. Ile inayochomwa ku matako mara nyingi ni diklofenaki, ao dekisametazoni, ao vyote viwili pamoja na vitamini. Siku tatu mutu anasikia nafuu, anamusifu muchomaji, kisha maumivu yanarudi na anarudi naye.

Diklofenaki ikitumiwa muda murefu inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na inapandisha tansio. Dekisametazoni inapandisha sukari. Mugonjwa wa sukari asiyejijua anaweza kuzidiwa kabisa, naye alikwenda kutafuta dawa ya bega tu. Ni kweli munganga aliyejifunza anaweza kuchoma dawa ya aina hiyo mu kiungo chenyewe, na kwa bega iliyoganda inasaidia, zaidi mwanzoni. Lakini hiyo ni kazi ingine, inafanywa kwa mahali pake na kwa mukono wenye kujua. Haiko sawa na sindano ya matako kila juma.

Kuna pia kuchanjwa. Wembe unaopita ku mwili wa mutu huyu na wa yule unaweza kupeleka virusi vya ini, virusi vya ukimwi na pepopunda. Mwenye kukubali kuchanjwa, walau alete wembe wake mupya na auone ukifunguliwa.

Na yote hayo yanafanyika wakati makuta ni kidogo. Tangu AFC/M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka ule ule, mabenki yalifunga milango na biashara nyingi zilianguka. Familia inayouza mbuzi juu ya sindano kumi haiko na mbuzi ya pili.

Neno "karuho" lina bei yake

Ugonjwa usio na jina unatafuta jina. Mu Kivu ya Kusini jina lililo karibu ni karuho, ile sumu ambayo watu wanasema inatolewa na jirani ao mukwe mwenye wivu. Anayelitaja anazani anasaidia. Lakini neno hilo lina mutu nyuma yake: lazima apatikane aliyeitoa. Septemba 2021, wanawake kadhaa waliuawa mu teritwari za Kivu ya Kusini wakisingiziwa uchawi. Wengi wanaosingiziwa ni wazee, wajane, watu wasio na mutetezi.

Bega iliyoganda inaanza bila sababu inayoonekana, inaendelea miezi mingi, inakatala dawa, kisha inalegea yenyewe. Kwa asiyeijua, inafanana kabisa na kitu kilichotumwa na kuondolewa. Ndiyo maana kulipa ugonjwa jina lake kunaweza kuokoa uhai wa mutu ambaye hata hakuumwa bega.

Wakati gani usingoje

Maumivu mengi ya bega hayaue. Lakini mengine hayatoke ku bega yenyewe, na hayo yanaomba hopitali haraka:

– bega ya kushoto inauma pamoja na kifua kubana, jasho na pumuzi kukata: inaweza kuwa moyo;

– mwanamuke aliyekosa siku zake anaumwa ncha ya bega na tumbo, kichwa kinazunguka: inaweza kuwa mimba iliyoshika inje ya mahali pake, na damu inavuja ndani;

– bega inauma, iko moto na imevimba, na mutu ana homa: inaweza kuwa usaha mu kiungo;

– mutu anakonda, anakohoa miezi, anatoka jasho usiku: lazima kifua kipimwe;

– mukono umepoteza nguvu kwa ghafula, ao vidole vimekufa ganzi: shida inaweza kuwa ku shingo ao ku mishipa ya fahamu;

– bega ya kuume inauma kisha kula mafuta, pamoja na tumbo chini ya mbavu: inaweza kuwa mufuko wa nyongo.

Kinachosaidia hakiuzwe mu chupa

Kwa kano zilizochoka, dawa inayojulikana kufanya kazi ni mazoezi, kila siku, kwa majuma 6 mupaka 12. Hapo ndipo wengi wanakatala: majuma mawili yanapita, wanaona bado, wanaacha. Kano zinapona pole pole kuliko nyama.

Mazoezi yenyewe hayaombe mashini. Kuinama kidogo ukishika meza na kuachilia mukono uning'inie, uuzungushe pole pole. Kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole sawa buibui, kila juma kidogo juu kuliko juma lililopita. Kushika fimbo kwa mikono miwili, ule muzima ukisukuma ule wenye kuuma. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakibaki makali mupaka kesho yake, ilikuwa nyingi, inafaa kupunguza. Kwa bega iliyoganda, mu miezi ya kwanza yenye maumivu makali usilazimishe. Mazoezi mepesi yanatosha.

Kufunga mukono ku kitambaa miezi mizima kunaongeza ugonjwa. Mukono ufanye kazi, lakini kazi ibadilishwe: bidoni ya lita 20 igawanywe mara mbili, muzigo ubebwe karibu na mwili, usiku muto uwekwe chini ya mukono. Kwa mama wa Muhanzi shauri hilo ni gumu, juu anayebeba nusu ya muzigo analipwa nusu. Kwake ugonjwa unagusa sufuria ya jioni, na familia inapashwa kulijua jambo hilo mbele ya kumuita muvivu.

Wa kufundisha mazoezi hayo ni munganga wa kine. Mu Bukavu kituo cha Heri Kwetu, na mu Goma Shirika la Umoja, vinajulikana kwa watu wenye ulemavu. Wengi hawajui kama kazi ya kine inafaa pia kwa bega ya mubeba mizigo. Lakini mukaaji wa Shabunda ao wa Walikale hawezi kusafiri kila juma.

Ndiyo maana jambo hili linagusa pia wakubwa wa zoni za afya. Mupango wa serkali wa afya kwa wote ulianza 2023 upande wa uzazi, na ni vizuri. Mama aliyekwisha kupita wakati wa kuzaa, mwenye bega, hamo. Kumufundisha infirmiye wa kituo cha afya namna ya kuchunguza bega, kupima sukari na kuonyesha mazoezi matatu hakuombe jengo jipya wala mashini. Kunaomba siku chache za mafunzo, na kukubali kama shauri pia ni matunzo, hata kama hakuna chupa iliyofunguliwa.

Mu kungoja hayo, mugonjwa anaweza kujikinga kwa maulizo matatu mbele ya kutoa feza: umenichunguza mukono? unazani ni ugonjwa gani? na kama dawa hii haisaidie kisha majuma mawili, tutafanya nini? Asiyeweza kujibu hata moja, makuta yabaki mufukoni.