BUNDUKI YA KUJILINDA, NA NANI ATATULINDA NAYO?



Mara ya mwisho niliandika juu ya usafi wa vyoo, na wengine walisema mkuu wa wanafunzi anaandika sawa Prefe. Leo ninaacha vyoo kwanza. Nataka kusema juu ya Marekani.

Sababu yake ni mabishano yaliyotokea kwetu interna Jumapili usiku, kisha radio kutoa habari ya watu waliopigwa risasi huko. Ndugu mmoja wa darasa la 5 alisimama juu ya kitanda (jambo lililokatazwa, tutaonana) akasema: « Wale Wamarekani njo wenye akili! Kila mutu iko na bunduki yake. Na sisi tungekuwa vile, waasi hawangetuweza hata siku moja. » Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, juu mkuu wa wanafunzi hawezi kupiga kelele kisha saa tatu ya usiku. Njo maana ninamjibu kwa karatasi.

Tuanze na sheria yao. Katiba ya Marekani ina nyongeza ya 2, iliyokubaliwa mwaka 1791. Inasema juu ya kikosi cha raia cha kulinda nchi, na juu ya haki ya watu ya kuwa na silaha. Wakati ule bunduki ilijazwa baruti kwa mdomo wake. Mtu akipiga mara moja, adui alikuwa na nafasi ya kukimbia, labda hata ya kusali kidogo. Leo kuna bunduki inayotoa masasi 30 bila kupumua, lakini maneno ya nyongeza ni yale yale. Mwaka 2008 Mahakama Kuu yao iliamua, waamuzi 5 juu ya 4, kama haki hiyo ni ya kila mtu nyumbani mwake, si ya kikosi tu.

Basi watu walinunua. Watafiti wa Small Arms Survey, huko Geneva, walitoa hesabu mwaka 2018: bunduki za raia wa Marekani zilikuwa karibu milioni 393, na watu wenyewe kama milioni 326. Fanyeni hesabu. Ukimpa kila mtu bunduki moja, hata mtoto anayenyonya, hata bibi kipofu, zinabaki milioni 67 hazina mwenyewe.

Kama bunduki inaleta usalama, basi huko mama angelala mlango wazi. Lakini mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Na sikilizeni jambo ambalo mimi sikulijua: zaidi ya nusu ya hao, watu zaidi ya 26,000, hawakuuawa na mwizi wala na jambazi. Walijiua wenyewe. Mtu alikuwa na saa mbaya usiku, saa ambayo ingepita kama zingine, lakini bunduki ilikuwa karibu ndani ya kabati, na bunduki haingoji saa ipite. Alinunua silaha juu ya adui wa nje, kumbe ilimkuta yeye mwenyewe.

Sasa nijiseme mimi. Nina miaka 18. Nilitaka kujua huko ningekuwa mtu wa namna gani. Sheria ya nchi nzima inaruhusu kijana wa miaka 18 kununua bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye ruhusa, ingawa majimbo mengine yamepandisha umri, kama vile Florida iliyoweka miaka 21 tangu 2018. Na chupa ya pombe? Hapana kabisa! Pombe ni miaka 21. (Kwa hiyo ya pombe, shule yetu inawashinda: hapa hata miaka 40 huruhusiwi.) Tena kuna yai la chokoleti linaloitwa Kinder Surprise, ndani yake iko kichezeo. Haliuzwi huko, sababu sheria ya mwaka 1938 inakataza peremende yenye kitu kisicholiwa ndani. Mtoto anaweza kukabwa nacho. Serikali inayoogopa yai! Nilicheka sana.

Kicheko kilikwisha niliposoma juu ya Uvalde, mji mdogo wa Texas. Mwezi wa tano 2022, kijana mmoja alitimiza miaka 18. Siku chache tu kisha sikukuu yake ya kuzaliwa alinunua bunduki 2 kwa kufuata sheria. Tarehe 24 ya mwezi ule ule aliingia katika shule ya watoto akaua watoto 19 na walimu 2. Miaka 18, sawa mimi. Huko hakuna aliyemuuzia bia.

Wenye kupenda bunduki wana jibu lao. Mwaka 2012, kisha watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, mkubwa wa chama cha NRA alisema kama kitu kinachoweza kumzuia mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mzuri mwenye bunduki tu. Neno linapendeza masikioni. Lakini kule Uvalde walifika watu wazuri 376 wenye bunduki, polisi wa namna zote, na ilipita zaidi ya saa moja mbele ya kuingia katika lile darasa.

Tuangalie maraisi wao, sababu hakuna mtu anayelindwa kuliko wao. Wanne waliuawa wakiwa katika kazi: Lincoln 1865, Garfield 1881, McKinley 1901, Kennedy 1963. Wote wanne kwa bunduki. Reagan alipigwa mwaka 1981 katikati ya walinzi wake, akapona. Trump, tarehe 13 mwezi wa saba 2024, alikuwa Butler, Pennsylvania, akiomba kura, na risasi ikamgusa sikio. Walinzi walikuwepo, wenye silaha na mafundisho makubwa. Na huyo Trump, alipokuwa raisi mwaka 2018, alitoa shauri walimu wengine wapewe bunduki shuleni! Mwalimu wetu mmoja wa hesabu (anisamehe, ninampenda) anasahau chaki kila siku ambayo Mungu ameumba. Funguo za kabati tulizitafuta siku tatu, tukazikuta ndani ya kofia yake. Weye, ungependa huyo apewe bunduki?

Nyinyi wa darasa la 1 na la 2 hamkuwepo miaka miwili iliyopita, basi niwaeleze jambo la interna. Sukari na sabuni zilikuwa zinaibiwa usiku. Mmoja akaleta fimbo akaiweka chini ya kitanda, eti kulinda sanduku lake. Jirani yake akaona: kama huyu iko na fimbo, mimi nitabaki mikono mitupu juu ya nini? Akaleta kubwa zaidi. Kisha juma mbili fimbo zilikuwa nyingi kuliko vitanda. Na mimi nilikuwa na yangu, sitaficha. Usiku mmoja mtu akatembea gizani. Mwingine akalia « Mwizi! », na fimbo zote zikaamka. Aliyepigwa alikuwa ndugu yetu anayetoka chooni. Jino lake moja halijarudi mpaka leo, na mimi sijui kama fimbo iliyolitoa haikuwa yangu. Mwizi mwenyewe hakuguswa hata kidogo. Alikamatwa baadaye, wakati shule ilipoweka taa ya usiku na sentineli mmoja mlangoni. Taa moja na mzee mmoja anayekohoa walifanya kazi ambayo fimbo 40 hazikufanya.

Mtaniuliza: Wamarekani hawaoni? Wanaona. Lakini siasa yao ni ngumu kuliko fizikia. Vyama vikubwa ni viwili: Warepublikani, alama yao tembo, na Wademokrati, alama yao punda. Tembo anasema shida ni wakora, wafungwe. Punda anasema shida ni bunduki, tuongeze sheria. Tembo anakanyaga, punda analia, na katikati yao mwenye duka anauza. Kisha Obama kuchaguliwa mwaka 2008 watu walikimbilia maduka ya bunduki kwa kuogopa sheria mpya. Kisha Sandy Hook walikimbia tena. Mwaka 2020, kwa woga wa ugonjwa na wa fujo, walinunua kuliko mwaka wowote uliotangulia, na mwaka huo huo mauaji yalipanda karibu 30 kwa 100. Mwaka 2023 na 2024 mauaji yakashuka sana, lakini anayetafuta kura kwa woga haoni kushuka. Macho yake yanajua kupanda tu.

Na sheria zinakufa vipi? Mwezi wa nne 2013, miezi minne tu kisha Sandy Hook, Seneti ilipiga kura juu ya kuchunguza zaidi wanunuzi wa bunduki. 54 walikubali, 46 walikataa. Mtasema wenye kukubali walishinda. Hapana, walishindwa! Kwa kanuni yao ilipaswa kupata 60. Ndugu zangu, kama uchaguzi wa mkuu wa wanafunzi ungefuata hesabu hiyo, mimi ningekuwa bado ninakaa kwenye banki ya nyuma. Mwaka 2022, kisha Uvalde, walipitisha sheria ndogo, na tuwashukuru kwa hiyo. Lakini Uingereza walifanya namna ingine. Mwaka 1996, katika shule ya Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka 1997 sheria ikakataza karibu bastola zote mikononi mwa raia. Hawakungoja shule ya pili.

Wengine wanasema: « Tazameni Chicago, sheria ni ngumu na watu wanakufa tu. » Kufa wanakufa, kweli. Lakini zaidi ya nusu ya bunduki za uhalifu zilizofuatiliwa huko zilitoka nje ya jimbo lao, nyingi zikitoka Indiana, jirani wa karibu kabisa. Hapa nani hajaona sukari ikivuka mpaka usiku na dwane amelala? Ukifunga mlango na jirani akaacha dirisha wazi, usiseme mlango hauna maana.

Halafu kuna maombi. Kila mara watu wanapouawa, wakubwa wao wanasema mawazo na maombi yao yako pamoja na waliofiwa. Sisi ni shule ya Waprotestanti, hatuwezi kucheka maombi. Lakini mvua ilipokuwa inaingia katika darasa letu, Pasta wetu aliomba pamoja nasi, akasema amina, kisha akavua koti, akapanda ngazi na misumari mkononi. Wale wakubwa wanafika kwenye amina wanashuka.

Sasa nifike kwa lile linaloniuma. Mama mdogo wangu alikimbia Fizi mwaka 1998. Alivuka ziwa, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, na mwaka 2016 alipelekwa Texas, sawa vile watu wengi wa kwetu walipelekwa Marekani. Siku ya kupanda ndege alisema: bunduki, basi, tumeachana. Mwaka jana mtoto wake wa miaka 9 alirudi nyumbani akamwonyesha zoezi wanalofundishwa shuleni. Mwalimu anafunga mlango, anazima taa, watoto wanakaa chini pembeni mbali na dirisha, hakuna kukohoa. Mtoto aliona ni mchezo mzuri, akataka mama naye acheze. Mama mdogo alitutumia sauti kwa simu: « Huo muchezo minaujua. Tulicheza ndani ya shamba ya mihogo, na weye ungekuwa umezaliwa, ningekuziba mudomo. » Kisha akanyamaza, na sauti ikaisha hapo. Mama yangu aliisikiliza mara mbili, akaenda jikoni.

Ndugu yangu wa darasa la 5, nakuelewa. Wale vijana wa kwanza walioingia Mai-Mai walisema ni kujilinda, na shida yao ilikuwa ya kweli. Leo makundi yenye bunduki mashariki ya Congo yanahesabiwa zaidi ya 100, na sijasikia hata moja linalosema: sisi njo wabaya. Wote ni watu wazuri wenye bunduki! Jambo ambalo Wamarekani wanabishana juu yake kwenye televisheni, sisi tumelijaribu mashambani mwetu, na pointi tulizopata unazijua.

Utaniambia kwetu sheria inakataza raia kuwa na bunduki bila ruhusa, na masasi yanalia tu. Ni kweli, na sina jibu tamu. Sheria bila sentineli ni karatasi. Lakini dawa yake ni kutafuta sentineli mwema, mwenye kulipwa, asiyetunyang'anya. Si kumpa kila mtu fimbo gizani. Wamarekani wanao polisi wanaolipwa, wanazo taa barabara nzima, na bado watoto wao wanafundishwa kujificha. Sisi tusiokuwa na taa, tungefika wapi?

Tena wewe na mimi tuna umri ule ambao watu wanakuja kuutafuta. Kesho mtu anaweza kukuonyesha bunduki akikuambia ni ya kulinda mama yako. Muulize kwanza nani atamlinda mama yako juu ya ile bunduki.

Ninamaliza. Fimbo ambazo bado ziko chini ya vitanda vya safu ya dirishani (nimezihesabu, ni 7) ziletwe kwangu Jumamosi mbele ya chakula. Yangu nilikwisha kuitoa: njo inayoshika mlango wa jikoni.



Ni mimi ndugu yenu,
Mkuu wa wanafunzi, darasa la 6