Maji yapoze kompyuta, lakini yafuate mkondo

Siri ya mtungi ni moja tu. Maji hupenya udongo, hugeuka mvuke, nao mvuke huondoka na joto. Lita moja ikikauka hubeba takriban kilojuli 2,400. Kwa sababu hiyo wapo wanaoshauri kwamba vyumba vya kompyuta vya shule zetu vipozwe kwa feni za maji, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya viyoyozi. Shauri hilo lafaa Lodwar, penye hewa kavu. Katika kisiwa cha Mombasa halina mashiko.

Hewa yetu imekwisha kushiba maji. Unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 70. Hapa feni ya maji hupoza kidogo na kuongeza unyevu, na unyevu ukichanganyika na chumvi ya bahari hula vyuma vya ndani ya mitambo. Mkaazi wa Mji wa Kale, azionaye bawaba na nondo za madirisha zikilika, hahitaji ushahidi mwingine. Isitoshe, maji yenyewe ni adimu. Mengine huletwa kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200.

Je, maji hayafai kabisa? Yanafaa, mradi yafungiwe. Kasha la mitambo huzibwa, bomba la maji hupitishwa ndani yake, na feni ndogo huzungusha hewa ile ile kandokando ya bomba. Maji huchukua joto, hulitoa nje, kisha hurudi. Hayapotei, wala hewa ya chumvi haiingii. Tahadhari ni kwamba yasiwe baridi kupita kiasi: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande igusapo kitu cha nyuzi 25.

Mwaka 2009 waya wa TEAMS, uliopitishwa chini ya bahari, ulitua Mombasa, na mji huu ukawa mlango wa intaneti wa nchi. Ni aibu mwanafunzi aliye mlangoni akose kompyuta kwa sababu ya kutu.

Basi kabla shule haijatoa hata shilingi moja, mwalimu wa fizikia na awape wanafunzi vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimevikwa kitambaa kibichi na kupepewa. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kikomo cha feni ya maji. Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Ni juu yetu kuyachimbia mkondo ufaao.