Cheti cha mjomba: ofisi ya hataza imetengeneza dirisha, maktaba je?

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki mbili hizi zilikuwa test juu ya test, asaimenti za kundi ambazo kwenye kundi la watu sita wanafanya wawili (mnajijua), na bumu nalo likachelewa, kwa hiyo hata bando lilikuwa la kuombaomba. Leo nimekaa hapa nje ya maktaba chini ya mti, nikasema liwalo na liwe, hili la mjomba lazima nilitoe kifuani.

Kwa wasionijua, kwetu ni Masuguru, pande za Handeni na Korogwe kule mkoani Tanga. Kwetu ni mahindi. Mvua ikikubali watu wanacheka, ikigoma kila mtu anajua kitakachofuata. Na mahindi yakishavunwa kuna kazi moja ambayo mimi niliichukia tangu utoto: kupukuchua. Aidha ukae na mkono hadi vidole vitoke malengelenge, au ujaze gunia ulipige fimbo, nusu ya punje zinapasuka na wadudu wanashangilia.

Mjomba wangu ni fundi baiskeli. Hajasoma sana lakini kichwa chake kinafanya kazi. Misimu kadhaa iliyopita alichukua fremu ya baiskeli mbovu, akaweka mnyororo, akachomelea meno ya nondo kwenye bomba, unakanyaga pedeli, unaingiza hindi huku, punje zinamwagika chini na gunzi linatoka kule. Kijiji kizima kilikuja kushangaa. Akaanza kukodisha kwa gunia, hela ya chumvi na daftari za watoto ikapatikana.

Sasa sikilizeni. Akatokea mtu mmoja mjini, kishoka tu, akamwambia, "Mzee, hii wataiba, inabidi uisajili serikalini." Mjomba akauza mbuzi wawili, akaongezea akiba, akampa jamaa shilingi 280,000. Baada ya miezi akaletewa cheti, na kweli kina nembo na muhuri. Nilipoenda likizo jioni ile ile akakitoa ndani ya nailoni kama mtu anatoa Msahafu. Akaniambia, "Mjomba, sasa mashine ni yangu kisheria. Soma hapo."

Nikasoma. Jamani... kilikuwa cheti cha jina la biashara. Jina la kibanda chake cha ufundi! Mashine haikutajwa hata kwa herufi moja. Na wakati huo huo karakana moja barabarani ilishaanza kuchomelea mashine zile zile na kuuza.

Usiku ule sikusema kitu. Nilikula ugali wake nikanyamaza. Asubuhi nikamwambia. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo mjomba, mimi nimesajili kibao cha dukani?" Ndiyo, mjomba. Kibao cha dukani, na ada halali ya kibao hicho ni sehemu ndogo tu ya hela uliyotoa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma habari za hizi ofisi hadi rumeti wangu ananiita mwanasheria. Ngoja niwape kwa ufupi maana hata humu chuoni wengi tunachanganya. Jina la biashara ni jina tu. Alama ya biashara ni ile nembo inayomfanya mteja ajue bidhaa ni ya nani. Hakimiliki ni ya vitabu, muziki, filamu na programu za kompyuta, na hiyo iko COSOTA. Kitu kipya cha kiufundi, mashine au namna mpya ya kutengeneza kitu, kinalindwa na hataza. Sheria ya hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987, na ndani yake kuna pia cheti cha ubunifu mdogo, kwa wale waliobuni kitu kipya chenye manufaa lakini si ugunduzi wa kutikisa dunia. Yaani mtu kama mjomba alikuwa amefikiriwa tangu 1987! Ila hakuna aliyekwenda Masuguru kumwambia. Zanzibar wana sheria yao ya 2008 na wakala wao.

Upande wa Bara hataza ziko BRELA. Zamani kazi hizi zilikuwa ndani ya wizara, mwaka 1999 ndiyo wakala ukaanza. Kwa miaka mingi ukisema unaenda BRELA maana yake unapanda basi hadi Dar, unashuka Lumumba kwenye Jengo la Ushirika, unapanga foleni na bahasha mkononi. Kwa mtu wa Handeni hiyo ni nauli, ni kulala kwa ndugu, ni siku tatu za kazi zimekufa. Mwaka 2018 wakaleta mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao. Ukiwa na namba ya NIDA na intaneti unasajili jina au kampuni bila kumwona mtu.

Hapo lazima tuwe waungwana, ni hatua nzuri. Mimi si wale wa kuponda kila kitu cha serikali. Nauli imeokolewa, foleni imepungua.

Lakini hoja yangu ya leo ni hii, na naomba mnielewe vizuri. Ofisi ya hataza ina kazi mbili. Ya kwanza ni dirisha: unaleta ombi, unalipa, unapewa cheti. Ya pili ni maktaba: kila hataza inayotolewa duniani lazima mwenye nayo aandike wazi kitu chake kinafanyaje kazi, na michoro juu, ili wengine wasome. Ndiyo makubaliano yenyewe! Serikali inakupa ulinzi wa muda, kwa nchi nyingi ni miaka 20, na wewe unatoa siri yako hadharani. Kila tukisikia maboresho, ni ya dirisha. Fomu mpya, malipo kwa namba ya kumbukumbu, mfumo mpya. Maktaba nani anaizungumzia? Na mimi nasema mjomba aliihitaji maktaba kabla ya dirisha.

Kwa nini? Niliporudi chuo nikaanza kuchimba. Kuna hazina mbili za bure kabisa mtandaoni, Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO. Humo kuna mamilioni kwa mamilioni ya hati. Zimepangwa kwa mafungu, kutoka A hadi H, kama maktaba yetu inavyopanga vitabu. Mashine za kupukuchulia mahindi zina namba yao, A01F 11/06. Ukiandika hiyo namba tu zinamwagika. Za kuchakata mkonge na nyuzi nyingine, ambazo watu wa Korogwe zingewahusu sana, ziko D01B 1/14.

Na nikakutana na nini? Mwaka 1839 jamaa mmoja wa Connecticut kule Marekani, Lester Denison, alipewa hataza ya mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi, silinda zenye meno ya chuma. 1839! Babu yake babu yangu alikuwa hajazaliwa. Kwa hiyo hata kama yule kishoka angekuwa mwaminifu akapeleka ombi la kweli, wazo la msingi la mjomba lisingepita. Sheria inataka kitu kiwe kipya, na upya hauangaliwi Handeni peke yake, unaangaliwa duniani. Mbuzi wangekwenda tu.

Iliniuma. Ila nilivyoendelea kusoma nikaona upande wa pili. Hataza ya 1839 ilishakufa zamani, na hata hataza hai ya Marekani ambayo haikuletwa Tanzania, wala kupitia ARIPO kule Harare ambako ombi moja linaweza kugusa nchi kadhaa za Afrika, haimzuii mtu wa Masuguru kutengeneza mashine yake na kuitumia hapa hapa. Maana yake ile michoro yote ni yetu. Bure. Kihalali. Si wizi, ndivyo mfumo ulivyokusudiwa.

Nikachagua michoro michache nikachapa kurasa sita pale steshenari, nikatuma na basi. Mashine ya mjomba ilikuwa na ugonjwa: hindi nene linapasuka punje, jembamba linapita na nusu ya punje zake. Kwenye mashine za zamani wenzetu waliweka bamba lenye springi nyuma, linasukuma hindi kwenye meno, likija nene linasogea, likija jembamba linabana. Nikampigia, nikamweleza kuhusu yule mtu wa 1839. Mjomba akacheka, akauliza, "Na yeye mahindi yalikuwa yanampasukia?" Baada ya wiki akanipigia: kang'oa springi kwenye kiti cha pikipiki mbovu, kaifunga, inafanya kazi. Karakana ya barabarani hawana hiyo.

Sasa pimeni wenyewe. Cheti cha 280,000 hakikumpa kitu. Kurasa sita za steshenari zimempa mashine bora kuliko ya washindani wake. Taarifa ilikuwa na faida kuliko muhuri.

Jana usiku tulibishana sana hapa hosteli. Jamaa mmoja wa sheria akasema, "Achana na hayo, hataza ni mchezo wa wakubwa, fundi wa kijijini atafanya nini nazo?" Ana hoja kidogo. Hataza nyingi zinazoombwa huku kwetu ni za wageni, na kuandika ombi ni kazi ya mtaalamu, ina gharama. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kusema maktaba kwanza! Mtu mdogo hawezi kuendesha kesi na karakana kubwa, ila anaweza kusoma mchoro. Mkulima wa Marekani alisoma, Mjapani alisoma, Mchina alisoma. Sisi tunaambiwa tusajili tu. Tusajili nini wakati hatujui wenzetu walishafika wapi?

Mwingine akasema lugha ni tatizo, hati zile ni Kiingereza, Kijerumani, Kijapani. Kweli kabisa. Lakini mwaka 2021 nchi hii ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kama tumeweza kuamua hukumu ziandikwe Kiswahili, tutashindwa muhtasari wa kurasa mbili kuhusu pampu ya maji? Au mashine ya muhogo?

Ningekuwa na sauti pale juu ningeomba mambo matatu tu. Moja, kwenye kila tangazo la maboresho ya dirisha kuwe na neno moja kuhusu maktaba, kwa Kiswahili cha fundi na si cha semina. Mbili, taarifa hizi zipelekwe ambako mafundi wapo tayari: SIDO ipo tangu 1973 na ina ofisi mikoani, VETA zipo, vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo, kila halmashauri ina ofisa biashara. WIPO ilianzisha mwaka 2009 mpango wa vituo vya kusaidia teknolojia na ubunifu, na Tanzania imo. Safi, lakini kituo kikiishia kwenye vyuo na taasisi za mjini, mjomba hatakiona. Tatu, kabla mtu hajalipa senti, aambiwe bure, hiki ulicholeta ni jina, ni alama au ni hataza. Swali hilo moja lingewanyima vishoka ugali.

Na sisi je? Maana ni rahisi kunyooshea ofisi kidole huku tumekaa kivulini. Tuko maelfu humu, wa uhandisi, wa kilimo, wa sheria, wa lugha. Kila mmoja ana mjomba, shangazi au jirani anayegonga nyundo mahali. Tunamaliza bando kwa kuangalia watu wanacheza. Utafutaji mmoja wa hataza ni nusu saa. Mtu wa uhandisi asome mchoro, mtu wa lugha aandike kwa Kiswahili, mtu wa sheria aangalie kama iko hai au imekufa. Basi. Hatuhitaji mradi wala posho.

Mimi likizo hii nakwenda Masuguru na bahasha. Nimeshachapa za pampu za kamba, za vikaushio vya mahindi na za mashine ndogo za mkonge. Mjomba kasema atakusanya mafundi wenzake chini ya mwembe. Kile cheti bado kakitundika ukutani, nilipomuuliza kwa nini hakitupi akasema, "Kiache mjomba, kinanikumbusha kuuliza kwanza."

Haya, bando linaisha na lekcha ni saa nane. Mwenye mjomba mwenye shida ya kiufundi aniandikie, tutatafuta wote. Na mwenye hoja ya kunipinga, hasa wewe wa sheria, uwanja ni wako.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.