Uchungu wa Mwana na Lugha ya Wadi

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo, katika hospitali zetu nyingi, mzazi huyo huyo ndiye asiyejua kinachosemwa kuhusu mwanawe. Ugonjwa hujadiliwa kwa Kiingereza, maagizo huandikwa kwa Kiingereza, na hata fomu ya ridhaa anayotia saini kabla ya upasuaji huwa kwa Kiingereza. Katika makala haya ninadhamiria kuonyesha kwamba jambo hili linagusa uhai wa watoto, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kulishughulikia.

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa, takribani 8 huwa na hitilafu ya moyo. Binti yangu ni mmoja wao. Alizaliwa na tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Aliponyonya alitokwa na jasho, alihema upesi, na uzito wake haukuongezeka. Alipotimiza miezi 14 alilazwa katika hospitali moja kubwa jijini Nairobi ili afanyiwe upasuaji.

Siku ya kwanza daktari alinieleza hali yake kwa istilahi za Kiingereza na Kilatini. Kiingereza ninakijua, lakini sikuambulia mengi. Jioni muuguzi mmoja wa makamo aliyekuja kumpima mtoto joto aliniona nimeduwaa. “Mama, moyo ni nyumba ya vyumba vinne,” aliniambia. “Ukuta wa vyumba vya chini una tundu. Damu iliyokwisha kupata hewa safi inapenya hapo na kurudi mapafuni badala ya kwenda mwilini. Mapafu yanaelemewa, na moyo unachoka. Kesho kutwa watausimamisha moyo kwa muda, mashine isukume damu badala yake, nao watie kiraka.” Nyumba, ukuta, tundu, kiraka: maneno ya kila siku yalitosha kunieleza upasuaji mzima. Nilipotia saini ile fomu, nilijua ninaridhia nini.

Mama wa kitanda cha jirani, aliyetoka pwani, hakubahatika hivyo. Jioni moja kadi ya Kiingereza ilitundikwa kwenye kitanda cha mwanawe kuagiza kwamba asile wala asinywe kitu. Hakuna aliyemsomea. Mimi wakati huo nilikuwa na binti yangu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alfajiri mtoto alilia kwa njaa, na mama akamnywesha uji. Upasuaji ukaahirishwa, na ilibidi iwe hivyo, kwa kuwa mgonjwa akitiwa nusukaputi, chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mtoto alisubiri siku 11 zaidi. Hatimaye alipasuliwa akapona, kama alivyopona binti yangu. Lakini mamake alikuwa amekwisha kukaripiwa mbele ya wadi nzima na kuitwa mjinga. Mama huyo alisema Kiswahili fasaha kumshinda daktari, kuwashinda wauguzi, na kunishinda mimi ninayekisomea shahada ya uzamili.

Sheria yetu haiungi mkono mtindo huu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, kumpa mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Neno “inapowezekana” limegeuzwa kichaka cha kujifichia. Je, ni nani atakayethubutu kudai kwamba haiwezekani kuandika kadi moja ya Kiswahili?

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za tiba. Hoja hii haina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Wengine watasema kwamba madaktari husomeshwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na hata nchini Tanzania ni hivyo. Hata hivyo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam huwaelimisha wananchi kuhusu maradhi ya moyo kwa Kiswahili. Aidha, si wazazi wote wa Kenya wanaokimudu Kiswahili. Wapo wanaohitaji kuelezwa kwa Kiturkana au Kisomali, na haki yao ni ile ile. Kuanza na lugha ya taifa kutafungua njia kwa lugha hizo nyingine.

Sisi wa fasihi tumeuchambua sana moyo unaopigwa konde, moyo unaokufa na moyo unaodunda kwa mapenzi. Moyo wa nyama wenye vyumba vinne nao unatungoja. Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutafsiri fomu ya ridhaa, kisha wataalamu waihakiki kabla haijatumiwa. Pili, tuandae kadi za vitandani, tukianza na ile ya kumzuia mtoto kula. Tatu, tuandike kijikaratasi cha mzazi anayerudi nyumbani, kieleze jinsi ya kutunza kidonda, dalili za kumrudisha mtoto hospitalini, na umuhimu wa kusafisha meno, kwa sababu vijidudu vya ufizi vinaweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji meza, kamusi, daktari mmoja mwenye subira, na wazazi wachache wa kutusomea rasimu na kutuambia wapi hawakuelewa. Ninaomba iwe ajenda ya kwanza katika mkutano mkuu ujao wa chama. Wanachama watakaojitolea waniandikie kupitia kwa mhariri, tuanze na ile kadi.